SAA IHAME, SOMO LISIPOTEE

Somo la vikundi: Jinsi ya kupanga kazi ya mwalimu ili yeye abaki na watoto wafundishwe

Wapendwa wanavikundi wa Migori na Homa Bay,

Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya saa za kazi za walimu wetu. Huenda mmoja wenu akauliza, "Sisi ni kikundi cha kuku na mikopo midogo, saa za mwalimu zatuhusu nini?" Zatuhusu sana. Watoto wanaokaa darasani bila mwalimu ni wetu. Pesa za kumlipa mwalimu wa bodi zinatoka mifukoni mwetu. Tena chekechea nyingi vijijini zilianzishwa na akina mama na makanisa kwa mchango wa shilingi kumi kumi. Anayelipa mshahara ni mwajiri, na mwajiri mwema hujua mfanyakazi wake anaishi namna gani.

Shida yenyewe mnaijua. Kuna mwalimu aliyejifungua, mtoto bado ananyonya, na nyumbani ni mbali. Anajikaza wiki tatu, halafu anaacha kazi katikati ya muhula. Kuna mwalimu anayelala Mbita na kufundisha Mfangano. Ziwa likichafuka mashua haiondoki, na kipindi cha kwanza kinapita bure. Kuna yule wa Nyatike ambaye mto Kuja ukifurika hana pa kuvukia. Kuna mwalimu anayetakiwa kliniki kuchukua dawa, lakini anaogopa kusema, kwa hiyo kila mara anaomba ruhusa ya kwenda matangani. Na kuna mwalimu wa bodi ambaye mshahara wake haumtoshi, akikosa kipindi mnamkuta sokoni Rongo au Oyugis akiuza nguo.

Sisi wazazi tumezoea kufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunakuwa wakali mpaka mwalimu anaondoka, ama tunafumba macho na darasa linakaa tupu. Yote mawili anayelipa ni mtoto. Lakini iko njia ya tatu, nayo ni kupanga upya saa za kazi mapema, mbele ya wanaohusika, na kwa maandishi. Neno la kushika katika somo hili ni moja: saa inaweza kuhama, lakini somo lisipotee.

1. KWANZA TUJUE MWAJIRI NI NANI

Kabla ya kwenda shuleni na maneno mengi, tujue tunazungumza juu ya mwalimu yupi. Vijijini kwetu wako wa aina nne.

Mwalimu wa TSC. Huyu ameajiriwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 237, imeipa tume hiyo kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapanga shuleni, kuwahamisha na kuwatia nidhamu. Kikundi hakiwezi kumpunguzia siku za kazi wala kumwongezea likizo. Lakini ratiba ya ndani ya shule, yaani nani afundishe kipindi gani na nani awe zamu lini, inapangwa na mwalimu mkuu na wenzake. Hapo pana nafasi ya kuzungumza.

Mwalimu wa chekechea wa kaunti. Katiba hiyo hiyo iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti. Shida ya mwalimu huyu ipelekwe kwa afisa wa elimu wa kaunti, ikipitia kwa mkuu wa shule.

Mwalimu wa bodi. Huyu ameajiriwa na Bodi ya Usimamizi ya shule, ambayo wengi huiita BOM. Bodi hizi ziliwekwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, na ndani yake wamo wawakilishi wa wazazi. Basi sauti yetu iko ndani tayari, tukiitumia.

Mwalimu wa kikundi au wa kanisa. Hapa mwajiri ni sisi wenyewe. Hatuna wa kumsukumia lawama. Na hapa ndipo tunaweza kufanya mengi zaidi, hata wiki hii.

2. SHERIA INASEMAJE?

Wengi wetu hufikiri kwamba kumpa mwalimu nafasi ni huruma tu. Si hivyo. Mengine ni haki yake.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba likizo ya wiki mbili. Mama akirudi, arudie kazi yake au kazi nyingine inayomfaa isiyo na masharti mabaya kuliko ile ya kwanza. Walimu wa TSC walipata zaidi katika mkataba ambao vyama vyao vilitia sahihi na tume mwezi wa Julai 2021: siku 120 kwa mama na siku 21 kwa baba.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nasi. Wauguzi wanatufundisha kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Mwalimu wa TSC anarudi kazini mtoto akiwa na miezi minne hivi. Mwalimu wa bodi au wa chekechea yetu anarudi mtoto akiwa na miezi mitatu, au chini ya hapo kama alianza likizo kabla ya kujifungua. Kwa hiyo iko miezi miwili au mitatu ya katikati ambayo likizo imekwisha na mtoto bado anahitaji titi. Hapo ndipo tunawapoteza walimu wengi wa kike. Si kwamba hawapendi kazi. Ni ile miezi michache tu!

Sheria ya Afya ya 2017 imeliona pengo hilo. Inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa, mbali na mapumziko ya kawaida, muda usiozidi jumla ya saa moja katika siku ya kazi ya saa nane. Inataka pia pawe na mahali panapofaa. Kwa shule ya kijijini si lazima tuanze na makubwa. Chumba kidogo chenye mlango, kiti, maji ya kunawa na pazia ni mwanzo mzuri.

Kuhusu mwalimu anayeishi na virusi vya ukimwi, Sheria ya Ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo. Tena iko sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia na kudhibiti ukimwi, ambayo inalinda siri yake. Kaunti zetu hizi mbili zimeguswa sana na ugonjwa huu, kwa hiyo tuseme wazi: mgonjwa aliyetulia na dawa mara nyingi hupewa dawa za miezi mitatu au sita kwa mara moja. Maana yake ni siku mbili mpaka nne katika mwaka mzima. Je, kwa siku nne tumpoteze mwalimu? Na je, kuna haja gani ya kumwuliza anaenda kliniki kwa nini? Hakuna. Kliniki ni kliniki.

Kuhusu saa za shule, kanuni za elimu ya msingi za 2015 zinasema masomo katika shule ya kutwa ni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, kisha michezo na shughuli nyingine. Lakini shule ngapi zinamtaka mwalimu na watoto wawe darasani saa kumi na mbili alfajiri? Pengine mwalimu anayesemwa kila siku kwamba amechelewa hajachelewa hata kidogo kwa saa za serikali. Basi kabla ya kuomba saa mpya, tuangalie kama zile za zamani zinafuatwa.

Na mwisho, sheria inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na saa za kazi ziwemo. Zikibadilishwa, mwajiri azungumze na mfanyakazi na mabadiliko yaandikwe.

3. WENGINE WAMEFANYA NINI?

Jambo hili si geni duniani. Tarehe 5 Oktoba 1966, mkutano wa mataifa uliokutana Paris ulipitisha mapendekezo juu ya hali ya walimu, yaliyotayarishwa na UNESCO na Shirika la Kazi la Kimataifa. Ndiyo maana tarehe hiyo imekuwa Siku ya Walimu Duniani tangu 1994. Mapendekezo hayo yalisema kwamba mwalimu aliyesomea kazi ambaye hawezi kufanya siku zote athaminiwe na kutumiwa kwa siku anazoweza, na alipwe kwa kiasi cha kazi yake. Yalisema pia kwamba akina mama wenye familia wasaidiwe kupata kazi karibu na nyumbani, na mume na mke walio walimu wapangwe jirani.

Hapa kwetu tuliona jinsi umbali unavyoumiza. Kuanzia 2018 TSC iliwahamisha walimu wengi nje ya kaunti zao. Familia zikagawanyika, baba huku na mama kule. Walimu walilalamika, wabunge wakalizungumza jambo hilo mwaka 2022, na tangu 2023 wengi wamerudishwa karibu na kwao.

Zanzibar, kwa sababu ya upungufu wa madarasa, shule nyingi zimefundisha kwa mikondo miwili, watoto wengine asubuhi na wengine mchana. Uingereza, tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi anaweza kuomba abadilishiwe saa kuanzia siku ya kwanza ya kazi, na mwajiri anatakiwa amjibu katika muda wa miezi miwili. Angalieni vizuri: ni haki ya kuomba na kujibiwa. Si haki ya kupewa kila anachotaka. Hilo hata kikundi cha watu kumi na watano kinaweza kulifanya bila kungoja sheria.

4. NJIA TANO ZINAZOWEZEKANA KIJIJINI

Njia ya kwanza: Kuhamisha vipindi ndani ya siku. Mwalimu anayevuka ziwa asipewe kipindi cha kwanza. Kipindi hicho apewe mwenzake anayeishi kisiwani, naye yule wa mashua achukue kimoja cha alasiri. Mama anayenyonyesha apewe nafasi ya wazi katikati ya asubuhi, ikigusana na mapumziko, ili apate muda wa kutosha. Njia hii haigharimu hata shilingi moja. Inahitaji mwalimu mkuu akae na ratiba na kalamu ya risasi.

Njia ya pili: Kukusanya vipindi katika siku chache. Hii inamfaa mwalimu wa bodi mwenye vipindi vichache. Tuseme ana vipindi 12 kwa wiki, vimetawanywa siku zote tano. Nauli ya boda boda kwenda na kurudi tuseme ni shilingi 200. Kwa siku tano ni shilingi 1,000. Vipindi hivyo vikiwekwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, vinne kila siku, nauli inakuwa shilingi 600. Ameokoa shilingi 400 kwa wiki. Kwa muhula wa wiki 12 ni shilingi 4,800, na hakuna aliyemwongezea mshahara. Jumanne na Alhamisi anaweza kulima, kuuza, au kufundisha shule nyingine, bila kujificha. Lakini somo moja lisirundikwe siku moja. Mtoto akifunzwa hesabu Jumatatu tu, hadi Jumatatu nyingine amesahau.

Njia ya tatu: Walimu wawili kushika darasa moja. Hii inafaa chekechea ya kikundi. Tuseme mshahara wa mwalimu mmoja ni shilingi 15,000 kwa mwezi. Mwalimu wa kwanza anafundisha siku tatu, anapata 9,000. Wa pili siku mbili, anapata 6,000. Hizi ni nambari za mfano tu. Nyinyi tieni zenu, bora zisishuke chini ya kima cha serikali kwa siku anazofanya. Wawili hawa wawe na daftari moja la darasa: tumefika wapi, nani ni mgonjwa, nani hajaelewa. Na wakutane nusu saa kila wiki. Bila daftari na nusu saa hiyo, watoto watafunzwa herufi ile ile mara mbili.

Njia ya nne: Kubadilishana zamu na kufidia. Mwalimu mwenye siku ya kliniki, au mwenye mgonjwa nyumbani, anamwambia mwenzake mapema, "Nishikie Jumanne, nami nitakushikia Alhamisi." Walimu wa TSC tayari wana daftari la kuonyesha kipindi kilichofundishwa na kilichofidiwa. Kufidia kufanywe ndani ya muhula. Kusipelekwe likizoni, kwa maana sheria ya 2013 inakataza kufundisha watoto wakati wa likizo.

Njia ya tano: Kupunguza mbio za mwalimu. Wakati mwingine si saa zinazosumbua, ni njia. Kikundi kinaweza kumtafutia chumba cha kupanga karibu na shule wakati wa mvua kubwa, Machi mpaka Mei. Mama mmoja wa kikundi anaweza kumshika mtoto wa mwalimu karibu na shule, kwa malipo madogo. Hata shamba lake linaweza kupaliliwa kwa saga siku moja ya Jumamosi. Kazi ya pamoja tumeijua tangu zamani, kwa nini imwache mwalimu nje?

5. MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Asiyesajiliwa asifundishe. Sheria ya TSC ya 2012 inataka kila mwalimu awe amesajiliwa na tume. Mwalimu hawezi kumtuma mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne amshikie darasa. Huko si kupanga saa, ni kudanganya watoto.

Kutoonekana si mapatano. Mwalimu wa TSC akikosa kazini bila ruhusa, hilo ni kosa la nidhamu, hata kama wazazi walimwambia kwa mdomo "hakuna neno". Huruma yetu inaweza kumfukuzisha kazi. Ruhusa iwe ya mwenye mamlaka, na iwe kwenye karatasi.

Mzigo usimwangukie mmoja. Mara nyingi yule kijana asiye na mtoto ndiye anayepewa kila zamu ya ziada. "Wewe huna shida," wanamwambia. Kumbe naye ana mama mgonjwa Ndhiwa. Kila anayeshikia naye ashikiwe.

Wanaume nao waulizwe. Baba ana mtoto pia. Tukipanga saa kwa ajili ya wanawake tu, kesho bodi itasema ni afadhali kuajiri wanaume, na tutakuwa tumewachimbia shimo dada zetu.

Kupunguza siku kusiwe njia ya kumnyonya. Wako wanaosema, "Wewe ni wa siku tatu," halafu anafanya kazi ya siku tano kwa mshahara wa siku tatu. Hiyo ni wizi wa polepole.

Watoto wadogo hupenda sura waliyoizoea. Chekechea isibadilishe mwalimu kila siku. Wawili wanatosha, na siku zao zijulikane.

6. HATUA ZA KIKUNDI

a) Chagueni watu watatu, mmoja wao awe mama mwenye mtoto mdogo. Waende kwa mwalimu mkuu kwa adabu, wasiende kama wakaguzi.

b) Waulize jambo moja: "Ni vipindi gani vinapotea sana, na kwa nini?" Msianze na jina la mtu. Anzeni na kipindi.

c) Mwalimu mwenyewe aandike ombi fupi: anataka nini kibadilike, tangu lini mpaka lini, na kila kipindi chake kitashikwa na nani. Ombi lisilojibu swali hilo la mwisho lirudishwe alimalizie.

d) Jibu litolewe katika wiki mbili, kwa maandishi. Likiwa ni hapana, sababu itajwe.

e) Jaribuni kwa nusu muhula kwanza. Mwishoni hesabuni: vipindi vingapi vilipotea kabla, na vingapi sasa? Mali bila daftari hupotea bila habari, na vipindi ni mali ya mtoto.

f) Ikiwa imefaa, endeleeni. Ikiwa vipindi vinapotea kuliko mwanzo, rudini kwenye saa za zamani bila ugomvi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shule yetu, mwalimu wa mwisho kuacha kazi katikati ya muhula aliacha kwa sababu gani? Je, kuhamisha saa kungemsaidia?

2. Mwalimu wa chekechea yetu ana mkataba wa maandishi? Saa zake za kazi zimeandikwa?

3. Mama mwalimu akitaka kunyonyesha leo shuleni kwetu, atakaa wapi?

4. Mvua kubwa ikianza, ni mwalimu yupi hawezi kufika? Tumempangia nini kabla ya mvua?

5. Je, kuna mwalimu ambaye kila mara hushikia wengine, wala hashikiwi?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwenye mtoto shuleni amwulize mtoto wake jioni, siku tano mfululizo: "Leo ni vipindi vingapi mwalimu hakuja?" Aandike nambari tu, asiandike jina la mwalimu. Katibu akusanye nambari hizo na kuzijumlisha. Nambari hiyo ndiyo mtakayokwenda nayo kwa mwalimu mkuu. Na baada ya nusu muhula wa majaribio, ulizeni watoto tena swali lile lile, siku tano vilevile, mwone kama imeshuka.